Mtaro Ulioufungua, Baba

Baba yangu,

Nakuandikia kwenye meza yako ya kukatia vitambaa, mlango wa duka uko wazi. Ungekuwepo ungeniambia ninywe chai kwanza. Sina muda wa chai. Mama ametoka, na kabla hajarudi nataka nikuambie mwenyewe nilichokifanya leo kwa jina lako. Mtaa mzima umeshasikia. Si haki uwe wa mwisho.

Leo ilikuwa umuganda, siku ya kazi za pamoja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka yamefungwa, watu barabarani na majembe, hivyo hivyo ulivyopenda. Tangu ututoke, miaka miwili sasa, sijazoea umuganda usio na sauti yako. Ulikuwa mkuu wa isibo yetu, nyumba kumi na tano tu za uchochoro mmoja, lakini ungedhani umepewa nchi. Ulitoka alfajiri na futi yako ya kupimia shingoni, kana kwamba utaushonea mtaro suruali, ukagonga mlango mmoja mmoja ukihesabu watu. Mtu akisema anaumwa, ulimwambia aje aumwe pale pale kwenye kazi, tumwone. Watu walicheka na wakaja.

Nakumbuka mengi mazuri, baba, na nayaandika kwanza ili usifikiri nimeyasahau. Nakumbuka msiba wa yule jirani aliyekuja kutoka Masisi bila ndugu hata mmoja. Ulibeba viti vya duka kwa kichwa, ukawatuma wanawake wa Kiislamu na wa Kikristo kwenye sufuria moja, ukasimama ukumbini kupokea watu kama ndiye mfiwa. Nakumbuka kila Krismasi ulivyokesha kushona nguo za watoto wa kanisani, na kila Idi wenzetu wa kanisani walivyokuwa wa kwanza kufika kula pilau. Kwenye mikutano ulikuwa na neno lako moja: hapa kwetu hakuna nyumba itakayopika peke yake. Nilikuwa nasikia fahari hadi machozi. Nilikuwa mdogo.

Halafu ikaja ile mvua.

Miaka minane imepita na bado naiona. Ilikuwa mchana, baada ya adhuhuri. Maji ya kutoka mlima Rubavu yalishuka na matope na matawi ya miti, yakajaa mtaro, yakaanza kuingia dukani. Mtaro ule, rigoli kama tunavyouita, wote tuliujenga kwa umuganda, na fundi wetu alikuwa Damasene. Alikuwa amehamia kutoka ng'ambo ya mpaka, mtu wa maneno machache, anayechagua mawe meusi moja moja akiyageuza mkononi kama anayenunua parachichi. Kona iliyo mbele yetu aliijenga kwa siku tatu. Ilikuwa inashika maji yasivuke kwenda upande wa pili, kwa Mama Furaha.

Hapa ndani kulikuwa na nguo za arusi ya watu, vitambaa vya bei, vimekatwa na havijashonwa. Chumba cha nyuma alilala bibi, mama yake mama, ambaye miguu yake ilikuwa imeshagoma. Ulitoka na mtaimbo. Nilikufuata. Ukachomeka mtaimbo chini ya jiwe la kona, ukang'oa moja, ukang'oa la pili na la tatu, na mimi niliyavuta kando kwa mikono yangu miwili kwa sababu uliniambia niyavute. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Si mtoto, baba. Nilijua maji yanaelekea wapi.

Yaligeuka mara moja. Duka likapona. Upande wa pili tulisikia kishindo kimoja, kisha sauti ya Mama Furaha. Alikuwa ameingia jikoni kuokoa vyombo vyake na ukuta ukamwangukia mguuni. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kufika. Ulimbeba mgongoni mpaka barabarani, matope magotini, ukilia. Nimekaa miaka minane nikijiuliza ulikuwa unalia nini.

Jioni watu walipokuja kutazama kona, mmoja akasema simenti ya Damasene ilikuwa mbovu. Mwingine akasema bila shaka aliiba mifuko miwili. Wewe ulikuwa umesimama pale, mkuu wa isibo, futi shingoni. Nilikutazama mdomoni nikingoja. Ulisema tu kwamba la muhimu sasa ni kumjengea Mama Furaha jiko lake.

Na tukalijenga. Kwa wiki mbili kila nyumba ilitoa mtu, wewe ukiwa mbele. Ulimshonea bure, ulimpelekea mkaa, ulimtafutia mtu wa kumuuzia sambaza, samaki wake wadogo, sokoni wakati mguu uko kwenye plasta. Wageni kutoka ofisini walikuja kutusifu kwa umoja wetu. Ulipigwa picha. Ile picha iko hapa ukutani, naiona ninapoandika, na katika watu wote wa mtaa waliomo humo hayumo Damasene.

Hakuna aliyemtukana. Sisi hatutukani, tunanyamaza tu. Akifika penye watu, mazungumzo yalikatika. Mtu akitaka kujenga, alileta fundi kutoka Cyanzarwe. Mkewe alipojifungua, hakuna aliyekwenda kumwona mzazi na uji kama desturi yetu ilivyo, na uchochoro mzima ulijua mtoto amezaliwa. Wewe ulinituma mimi. Uliniwekea uji kwenye termosi, ukaniambia nipitie nyuma. Yule mama alipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama ni wewe uliyenituma, nikasema ndiyo, akakuombea dua ndefu. Nilirudi sikuweza kukutazama. Kuanzia siku hiyo niliacha kukutungia nyuzi kwenye sindano, ukadhani macho yangu yameharibika, ukataka kuninunulia miwani.

Basi tulikuwa na umoja, baba. Uliujenga wewe, na ulikuwa wa kweli. Watu walisaidiana na bado wanasaidiana. Lakini umoja huo ulimkalia mtu mmoja kichwani.

Jumatano iliyopita nilisikia Damasene ameuza nyumba. Anahamia Kanzenze kwa shemeji yake, atalima viazi. Kamioneti ya kubeba vitu inakuja kesho. Nilipima mambo yote mawili: aondoke na jina lile, au nilivunje lako. Alhamisi nikamwambia Mama kwamba nitasema mkutanoni. Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa. Aliniambia wewe umelala na nikuache ulale. Nikamwambia Damasene hajalala miaka minane. Akauangusha ungo, mchele ukamwagika, na hakuuokota. Tangu hapo hatukusemeshana, watu wawili ndani ya vyumba vitatu. Nilidhani anakulinda wewe.

Leo, kama kwa makusudi, kazi ilikuwa kuzibua mtaro ule ule kabla ya mvua. Damasene alikuja. Angeweza kukaa nyumbani afunge mizigo yake, nani angemuuliza? Alikuja na koleo lake, akasimama peke yake mwisho kabisa, na watu wakaacha nafasi ya hatua kumi kati yao na yeye kama kawaida. Tulipomaliza tukakaa chini kwa mkutano. Yule mama mwalimu aliyeshika nafasi yako akauliza kama kuna mwenye neno.

Nilisimama. Nilisema kwamba siku ya mvua ile simenti haikuwa mbovu. Baba yangu ndiye aliyeufungua mtaro kwa mtaimbo, ili kuokoa vitambaa vya watu, na mimi nilivuta mawe.

Mama Furaha alikuwa kwenye kiti, sisi wengine chini. Aliniita jina langu polepole, kama anataka kuhakikisha ni mimi, yule anayemsukia nywele zake, aliyefundishwa naye kupika isombe.

"Zuena. Mzee alikuwa anajua kama maji itakuja kwangu?"

Nikasema ndiyo.

Akachukua fimbo yake akaondoka. Hakuna aliyemfuata. Mzee mmoja, rafiki yako wa mchezo wa dama, aliniambia nina roho ya nyoka kumfukua mtu aliyekufa. Wengine walianza kusema kwa pamoja. Mwalimu akawanyamazisha, akamgeukia Damasene akamuuliza kama ana la kusema. Nilitaka aseme ahsante. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyotaka.

Hakusema ahsante. Alisimama akapangusa koleo lake kwa majani, taratibu.

"Mi ni fundi," alisema. "Jiwe yenye maji ilibeba na jiwe yenye mutu alingoa, mi najua kutofautisha. Kesho yake nilikuja kwa mzee nikamuambia. Akaniuliza kama niko na shahidi." Halafu akanitazama mimi. "We ulikuwa nyuma ya mulango, uko na matope ku mikono. Nikasema, bon, uyu mutoto siku moja atasema. Nimengojea miaka munane."

Kumbe alikuja kwako. Kumbe uliniacha nyuma ya mlango ule, na upande wa mbele ukamuuliza Damasene shahidi. Mimi nakumbuka siku ile, nakumbuka alikuja, nilidhani amekuja kuomba kazi.

Nikamwomba msamaha mbele ya watu. Akasema msamaha ni maneno, yeye anataka kitu kingine. "Ule uongo haikupita mu mukutano. Ilipita mulango kwa mulango. Donc, twende."

Ndivyo ilivyokuwa mchana wangu, baba. Nyumba kumi na tatu, ukitoa yake na yetu. Yeye mbele, mimi nyuma, jua la Gisenyi la saa saba juu ya kichwa. Alibisha hodi, mlango ukafunguliwa, akasogea pembeni, akaniambia: sema. Hata kwa wale waliotoka mkutanoni sasa hivi, hata kwa mzee wa dama. Nikasema maneno yale yale kila mahali. Baba yangu ndiye aliyeufungua mtaro, kwa ajili ya vitambaa.

Tulianza kwa Mama Furaha. Alitusikiliza kupitia mlango wa bati uliofunguliwa nusu. Alimtazama Damasene tu, akasema, "Unisamehe, fundi," kisha akaufunga. Nyumba ya nne walitukaribisha ndani na Damasene akakataa. Nyumba ya saba mwanamke alilia, kwa sababu ndiye aliyeanzisha habari ya mifuko miwili ya simenti, na alikuwa amesahau kwamba ni yeye. Nyumba ya tisa waliniuliza kwa nini sikusema ukiwa hai. Nilikuogopa? Hapana, wewe hukuwa mtu wa kuogopwa. Nilipenda kuwa binti yako. Nilipopita sokoni watu walisema, huyu ni wa yule mzee, na waliniongezea nyanya juu ya fungu. Nilikula nyanya zile miaka minane. Nilipofika nyumba ya kumi na tatu sauti ilikuwa imekauka, na ndani yangu nilikuwa nimeshakuchukia kidogo, kwa kurudia tu. Ukikisema kitu mara kumi na tatu unakiamini zaidi.

Nikadhani tumemaliza. Damasene akaonyesha kwa kidevu nyumba yetu.

"Uyu naye aambiwe."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nadhani alikuwa amesimama pale tangu tuanze, akituona tunavuka kutoka ubavu huu hadi ule. Unajua Kiswahili chake, kimebaki kile cha Kigoma cha mama yake, anakisema kwa kunyoosha, na akiwa na hasira ndiyo kinanyooka zaidi. Nikasema. Mara ya kumi na nne. Baba ndiye aliyeufungua mtaro, kwa ajili ya vitambaa vya watu.

Hakulia, baba. Alimsalimia Damasene kwanza, akamwuliza habari za watoto. Kisha akaniambia:

"Umesema vibaya. Baba yako alikataa. Mimi ndiye niliyemwambia afungue, kwa sababu ya mama yangu kule nyuma, godoro lilikuwa limeshalowa. Akaniambia maji yatakwenda kwa Mama Furaha. Nikamjibu, Mama Furaha ana miguu, atakimbia."

Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja, mpaka nilipomwona Damasene akivua kofia.

Ana miguu, atakimbia. Na mguu ndio uliovunjika. Mama ameishi na maneno hayo miaka minane, akimwona Mama Furaha kila asubuhi akipita na fimbo yake kwenda sokoni, akimwuliza habari za asubuhi. Na wewe ulijua. Ulilala kitanda kimoja na maneno hayo na hukuyatoa, hata kwangu. Damasene alipokuja ukamuuliza shahidi, na shahidi wa kweli hakuwa mimi niliyekuwa nyuma ya mlango. Alikuwa Mama, jikoni. Ulimfunika Mama kwa mgongo wako, na uzito wote ukamlalia Damasene.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakuniambia Alhamisi, kabla sijasimama mbele za watu. Akasema alitaka kuniambia, mchele ukamwagika, na baada ya hapo hakupata tena nguvu. Akasema alikuwa anaomba nisiwe na ujasiri. Alisema hivyo hivyo, wazi, kama mtu anayetaja bei.

Kisha akaingia ndani. Nilidhani anakwenda kulala. Akatoka na mtandio wake mweusi na viatu vya kutokea. Akamuuliza Damasene tulianza kwa nani.

"Kwa Mama Furaha."

"Basi twende huko huko."

Mimi hawakuniita. Nilitaka kumshika mkono, maana magoti yake unayajua, lakini alishanipita. Damasene alimtangulia hatua mbili, akageuka, akamngoja avuke mtaro. Pale pa kuvukia pana utelezi. Alimpa mkono na Mama akaushika. Halafu mimi nikaja hapa mezani kwako nikachukua karatasi.

Sijui kitakachotokea. Labda kuanzia kesho sisi ndio tutakaoachiwa hatua kumi. Labda Mama atauza sambusa zake kwa wapita njia tu. Mteja mmoja alishakuja saa hizi kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata, akisema amebadili mawazo, na hakuniangalia usoni. Damasene anaondoka kesho hata hivyo. Nilimuuliza njiani kama atabaki sasa kwa kuwa jina lake limesafika, akaniambia nyumba imeshauzwa na watoto wake wameshachoka. Naogopa, baba. Nilidhani nikisema ukweli kifua kitakuwa chepesi. Ni kizito kuliko jana.

Na nimekukosea. Nimepita milango kumi na tatu nikisema ulimvunja mguu mwanamke kwa ajili ya vitambaa vya arusi. Kesho nitaipita tena yote, bila Damasene kunisukuma, nikurudishie ulichokuwa nacho: kwamba ulikataa kwanza. Sijui kama watu watanifungulia. Nitasema hata kwa mlango uliofungwa.

Ungeniambia tu. Siku moja, hapa mezani, tukiwa tunakata. Ningekusaidia kubeba. Tungekwenda watatu kwa Damasene, tukamwomba radhi uji wa mkewe ukiwa bado wa moto, na mtoto wake angekua anacheza na watoto wa uchochoro huu. Ana miaka saba sasa yule binti. Nimemwona leo akiwa amekaa juu ya magodoro yaliyofungwa, hana mwenzake wa kumuaga.

Nimemsikia Mama akibisha. Mara tatu, kama anavyobisha yeye. Mlango wa Mama Furaha umefunguliwa, na mpaka ninapoandika mstari huu sijausikia ukifungwa.

Pumzika huko uliko, baba. Nisamehe hilo la vitambaa. La kunyamaza bado sijakusamehe mimi.

Binti yako,
Zuena